Mchimba Mifupa wa Kabete: Sira ya Dk. Louis Leakey

Ukiwauliza wazee wa Nyeri, Murang'a, Embu au Chuka ni nani waliokaa katika nchi ile kabla yao, hawatakosa kukutajia Wagumba. Hao, kwa masimulizi ya jadi, walikuwa watu wafupi wa kimo, wawindaji, waliojichimbia makao ardhini, kisha wakatoweka wakawaachia nchi waliokuja baadaye. Mashimo yasemwayo kuwa ni mahame yao huonyeshwa wageni mashambani. Kwa hivyo, katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, habari ya watu wa kale waliofunikwa na udongo si jambo geni lililoletwa na vitabu. Ni hadithi ya jioni mekoni kwa bibi.

Lakini aliyeitoa habari ya namna hiyo mekoni, akaipeleka mbele ya mabingwa wa dunia, alikuwa ni mtoto wa kasisi wa Kiingereza aliyezaliwa Kabete, nje ya Nairobi, akalelewa pamoja na watoto wa Kikuyu: Dk. Louis Seymour Bazett Leakey. Mengi yameandikwa juu ya mifupa aliyoifukua. Machache yamesemwa juu ya jambo ambalo maisha yake yote yalilizunguka, nalo ni hili: mfupa wa kale si mali ya bingwa peke yake. Usipomshirikisha mwenyeji katika kuuchimba na kuulinda, utakupotea, na heshima yako itapotea pamoja nao. Leakey alijifunza somo hilo kwa gharama kubwa.

MALEZI YA KABETE

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1903. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmisionari wa Kianglikana, naye ndiye aliyeshika usukani wa kuitafsiri Biblia kwa Kikuyu. Mtoto alikua akisema Kikuyu sawasawa na lugha ya mama yake. Alijifunza kutega wanyama na kunyatia mawindo, alijijengea kibanda chake mwenyewe kama walivyofanya vijana wenzake, na ulipofika wakati aliingizwa katika rika la Mukanda akapewa jina la Wakaruigi, yaani mtoto wa mwewe.

Alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na mitatu, alipewa zawadi ya kitabu cha watoto juu ya watu wa zama za mawe. Akatoka kwenda kutafuta mawe yaliyochongwa. Alichokiokota kilikuwa ni vipande vya jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama kioo, ambavyo Wakikuyu waliviona mara nyingi baada ya mvua na kuviita nyembe za mizimu. Wazungu wa pale nyumbani walimcheka. Yeye akavichukua mpaka kwa Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi, naye akamthibitishia kwamba baadhi yake kweli ni zana za watu wa kale. Tangu siku hiyo njia yake ilikuwa imekwisha pasuliwa.

SHULE YA TENDAGURU

Mwaka 1922 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alikikubalisha Kikuyu kiwe mojawapo ya lugha zake za mtihani. Mwaka uliofuata aliumizwa kichwa katika mchezo wa raga, na matabibu wakamkataza kusoma kwa muda. Basi penye shari kukatoka kheri. Makumbusho ya Uingereza yalikuwa yanatayarisha msafara wa kwenda Tanganyika kuchimba mifupa ya dinosau, wale wanyama wakubwa wa kale mfano wa mijusi, yakamhitaji mtu azijuaye lugha na desturi za Afrika. Leakey akateuliwa.

Mahali penyewe ni Tendaguru, bara kidogo kutoka Lindi. Sisi watu wa pwani yafaa tupakumbuke mahali hapa, kwani kazi ya kuchimba mifupa mikubwa katika Afrika Mashariki ilianzia mikononi mwa watu wa huku. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia mwaka 1909 hata 1913. Wakati kazi ilipopamba moto wafanyakazi walifikia karibu mia tano. Shehena za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, kisha zikapakiwa merikebuni kwenda Berlin. Huko mnyama mmoja alisimamishwa mzima katika makumbusho, kimo chake zaidi ya mita kumi na tatu, na mpaka leo watu hupanga foleni kumtazama.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji hao alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jicho lake la kuutambua mfupa lilisifiwa na mabwana wake. Hata hivyo iliwabidi watu wangoje hadi mwaka 2007 ndipo dinosau mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la kumkumbuka Boheti. Karibu miaka mia moja ilipita tangu atoe jasho lake!

Leakey alifika Tendaguru mwaka 1924 chini ya uongozi wa William Cutler, mtu aliyeijua mifupa lakini asiyeijua Afrika. Kwa miezi michache alijifunza namna ya kuufuata mfupa ardhini bila kuuvunja, kuuvika plasta, kuupa namba na kuuandika daftarini. Kisha akarudi chuoni. Cutler alibaki, akafariki kwa homa mwaka 1925 huko huko Lindi.

JINO LA TEMBO NA VIGINGI VYA CHUMA

Kuanzia mwaka 1926 Leakey akaongoza misafara yake mwenyewe, akitokea Cambridge, katika Bonde la Ufa karibu na Nakuru na Elmenteita. Hakuchukua wachimbaji kutoka Ulaya. Aliwachukua Wakikuyu aliokua nao, akiwemo Heselon Mukiri, rafiki yake wa utotoni, ambaye hakuwa na shahada ya chuo chochote lakini mikono yake ikawa mahiri kuliko ya wengi waliokuwa nazo.

Mwaka 1931 alikwenda Olduvai, Tanganyika, pamoja na Mjerumani Hans Reck. Huyu Reck alikuwa mmoja wa waliosimamia machimbo ya Tendaguru, na mwaka 1913 alikwisha kuchimba Olduvai. Jina lake limebaki katika tembo mkubwa wa kale aliyekuwa akitembea katika nchi zetu, mkubwa kuliko tembo tunayemjua, ambaye wataalamu walimwita recki kwa heshima yake. Reck alishikilia kwamba Olduvai hapana zana za mawe. Leakey akawekeana naye dau la pauni kumi kwamba atazipata kabla ya siku moja kwisha, na dau akalishinda.

Mwaka uliofuata, 1932, ndio uliomletea sifa na fedheha kwa pamoja. Alikuwa Kanam, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Nyanza. Mmoja wa wachimbaji wake, Juma Gitau, alipata jino la dainotheriamu, mnyama wa jamii ya tembo ambaye pembe zake zilipinda kuelekea chini. Mnyama huyo alikwisha toweka zamani mno. Juma akaendelea kuchimbua palepale, na katika bonge la udongo likatokea taya la binadamu. Leakey akahoji kwamba ikiwa taya limelala pamoja na jino la tembo wa zamani kiasi hicho, basi binadamu naye ni wa kale kuliko walivyodhani watu wa Ulaya. Akalitangaza jambo hilo, na mabingwa wakampongeza.

Ndipo mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Profesa Percy Boswell, alipokuja kutoka Uingereza ili aonyeshwe mahali penyewe. Leakey hakuweza kupaonyesha! Alikuwa ameweka vigingi vya chuma kutia alama, lakini vigingi havikuwapo. Wenyeji walikuwa wameving'oa, kwa kuwa chuma kina matumizi yake na hakuna aliyewaeleza kwamba vile vina kazi nyingine. Picha alizopiga hazikutoka vizuri, na picha nyingine aliyoitegemea ikaonekana kuwa ya mahali pengine. Boswell akarudi na kuandika katika jarida la wataalamu kwamba ushahidi hautoshi.

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Taya la Kanam lipo, lakini mahali pake hapapo, na mfupa usio na mahali ni bubu. Cambridge, ambako Leakey alitaraji kupata cheo, kukawa kuzito kwake. Isitoshe, alikuwa amemwacha mkewe wa kwanza kwa ajili ya Mary Nicol, aliyemwoa mwaka 1936, na watu wa chuoni hawakupendezwa.

Wengi walioisimulia habari ya Kanam wamemlaumu Leakey kwa haraka yake, na lawama hiyo inamstahili. Lakini kuna upande wa pili. Wale waliong'oa vigingi hawakuwa wezi. Walikuwa watu katika ardhi yao wakiokota chuma kisicho na mwenyewe. Lau wangeketishwa chini na kuelezwa kilichopatikana pale, vigingi vingekuwa na walinzi kijiji kizima.

KUFUNGUA MLANGO

Ni vigumu kutoiona athari ya somo hilo katika kazi zake za baadaye. Kati ya mwaka 1937 na 1939 alikaa na wazee wa Kikuyu akiandika mila zao, tokea tohara na ndoa hata umiliki wa ardhi. Kazi hiyo ilikuwa ndefu mno, haikupata mchapishaji uhai wake wote. Ilitoka mwaka 1977 kwa juzuu tatu, yeye akiwa ameshafariki.

Mwaka 1942 yeye na Mary walifika Olorgesailie, katika njia ya Magadi, wakakuta mamia ya mashoka ya mawe yametapakaa ardhini pale pale walipoyaacha wenyewe. Safari hii hakuyafungasha yote masandukuni. Mengi aliyaacha yalivyolala, vikajengwa vivuko vya mbao juu yake, na mwaka 1947 mahali hapo pakafunguliwa kwa umma. Mtu yeyote aliweza kwenda kutazama kwa macho yake, na miongoni mwa vinavyoonyeshwa umo mfupa wa mguu wa tembo wa kale. Vivyo hivyo katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi aliyoyasimamia, milango ilifunguliwa kwa Mwafrika na Mwasia katika zama ambazo milango mingi ya mji ule ilikuwa imefungwa kwa rangi.

ARDHI YA NYERI

Lakini mtu aliyejisifu kwamba ni Mkikuyu na Mwingereza kwa wakati mmoja alipaswa siku moja kuchagua. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Leakey alisimama na serikali ya kikoloni. Aliandika vitabu viwili juu ya Mau Mau. Humo alikiri kwamba Wakikuyu wana malalamiko ya kweli juu ya ardhi, lakini alizitumia elimu na lugha aliyopewa utotoni katika kuwapiga vita waliokwenda msituni. Katika kesi ya Mzee Jomo Kenyatta huko Kapenguria alikuwa mkalimani wa mahakama, mpaka wakili wa utetezi, Denis Pritt, alipomlalamikia kuwa haaminiki, akaondoka. Kwa Wakikuyu wengi, mtoto wa mwewe alikuwa amewageuka waliomlea.

Msiba ukabisha hodi katika ukoo wake. Binamu yake, Gray Leakey, alikuwa mkulima karibu na Nyeri, naye pia alikisema Kikuyu. Mwanawe Gray, Nigel, alikwisha kufa vitani Uhabeshi mwaka 1941 na kutunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Mwezi wa Oktoba 1954 wapiganaji waliivamia nyumba ya Gray, mkewe akauawa, na yeye mwenyewe akachukuliwa hadi miteremko ya Mlima Kenya akazikwa angali hai. Hivyo ndugu wa mtu aliyeitumia mikono yake kuwatoa watu wa kale ardhini akafukiwa katika ardhi iliyogombaniwa.

Na upande wa pili nao una mfupa wake. Dedan Kimathi, aliyeongoza mapambano katika misitu ya Nyandarua, alikamatwa Nyeri Oktoba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari, 1957, na kuzikwa mahali pasipotiwa alama. Mjane wake, Bi. Mukami, alidai kwa miaka mingi aonyeshwe kaburi ili mumewe azikwe kwa heshima. Alifariki Mei 2023 bila ya kuonyeshwa. Hapo nako vigingi vilikosekana, na safari hii si kwa ujinga wa mwanakijiji aliyetaka chuma. Serikali iliyozika haikutaka mahali pajulikane. Watu wa Nyeri hawahitaji kufundishwa na profesa thamani ya kujua mfupa umelala wapi.

ZINJI

Tarehe 17 Julai, 1959, Leakey alikuwa amelala hemani Olduvai, homa imemshika. Mary alitoka peke yake na mbwa zake, akaona mfupa umechungulia katika udongo. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa kale mwenye magego makubwa. Leakey akalipa jina la Zinjanthropus. Zinji, kama wanavyojua wasomaji wetu, ni jina ambalo wanajiografia wa Kiarabu waliipa pwani hii yetu. Katika karne ya kumi al-Masudi aliandika namna pembe za tembo wa nchi ya Zinji zilivyopitia Oman kwenda Bara Hindi na Uchina. Hivyo jina la kwetu likasomwa katika magazeti ya dunia nzima. Mwaka 1961 vipimo vipya vya miamba vikatoa umri wa miaka 1,750,000, na mara hii mahali palipochimbwa palijulikana hata inchi. Fedha za utafiti zikaanza kumiminika kutoka Marekani.

Huenda hapa baadhi ya wasomaji wakasita. Sisi twaamini kuwa mwanadamu ni kizazi cha Nabii Adam, alayhi salaam, na hatuiachi imani yetu kwa fuvu. Masheikh wetu wana kauli zao juu ya jambo hili, nao ndio wa kuulizwa. Lakini kutazama si kukufuru. Kitabu chetu katika Sura ya al-Ankabut kinatuamrisha tutembee katika ardhi tukatazame namna uumbaji ulivyoanza, na huwezi kutazama ukiwa umefumba macho. Tena dini yetu inauheshimu mfupa wa maiti kama inavyouheshimu wa aliye hai. Mwislamu, basi, ana sababu yake mwenyewe ya kutaka mifupa ichimbwe kwa adabu na ilindwe.

Katika miaka hiyo ya Olduvai alijiunga na kazi kijana wa Kikamba, Kamoya Kimeu, aliyeanza mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba. Mwaka 1964 alipata taya mashuhuri huko Peninj, Tanzania, na baadaye akawa mtafutaji wa mabaki ya kale asiye na mfano, akatunukiwa nishani Washington mwaka 1985. Yeye alitajwa kwa jina lake akiwa hai, jambo ambalo Boheti bin Amrani hakulipata, na Juma Gitau alilipata kwa shida.

Dk. Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba, 1972, akarudishwa Kenya na kuzikwa Limuru walikozikwa wazazi wake. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye kujipenda, na katika jambo kubwa kuliko yote lililowapata watu waliomlea alisimama upande uliowaumiza. Hayo hayafichiki. Lakini aliwapa jembe na brashi watu ambao vyuo vya Ulaya vilikuwa haviwahesabu, na kazi yao ikaishangaza dunia.

Siku hizi dunia imelifahamu somo hilo. Huko Waco, Texas, vijana wawili waliokuwa wakitembea mwaka 1978 waliona mfupa, wakaupeleka Chuo Kikuu cha Baylor. Ulikuwa wa mamothi, binamu wa tembo aliyekwisha toweka. Chuo hakikuwafukuza raia wakakifunga kiwanja. Watu wa kujitolea walichimba pamoja na wasomi, na kufikia mwaka 1990 mamothi kumi na sita walikuwa wamepatikana. Mwaka 2015 mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa zima. Mfupa ulioonwa na vijana wawili ulikuwa na mji mzima wa kuulinda.

Na sisi je, watu wa pwani? Tuna Gedi, tuna Takwa, tuna Jumba la Mtwana, na magofu mengine mengi yaliyo vichakani bila jina, yenye makaburi ya mababu zetu na misikiti waliyosali. Kila jiwe lichukuliwalo pale likatiwa katika msingi wa nyumba mpya ni kigingi kimoja kilichong'olewa. Anayelichukua hana nia mbaya, kama wasivyokuwa nayo watu wa Kanam. Hajaambiwa tu. Basi walimu wa vyuo vya Kurani, maimamu na wazee wa mitaa wawachukue watoto wakawaonyeshe magofu hayo, wawatajie waliokaa humo, na mabingwa wakija na majembe yao watukute nasi tumesimama pale, tuna la kuwauliza na la kuwaambia. Siku mahali patakapopotea, hata profesa aliyesoma namna gani hataweza kuturudishia.